Kwenda Mbweni Kuulizia Bahari

Jamani, mmenichosha. Tangu nirudi sijanywa kikombe cha kahawa kikaisha kabla mmoja wenu hajaniuliza, "Mzee Kibwana, vipi, bahari inakuja ama haiji?" Nikimsimulia huyu, yule aliyekuwa kachelewa anadai nianze upya. Basi nimeona niandike, ajuaye kusoma awasomee wenzake. Mwandiko wangu mtausamehe. Mie nilisoma Kurani kwa maalimu, na shule ya Mjerumani nilikaa mpaka vita vilipoifunga, nikawa nimejua herufi lakini sijajua pa kuweka nukta. Nukta nimeziweka pale nilipochoka.

Sababu ya safari wengi mnaijua, ila waliohamia Temeke karibuni hawaijui. Muuza samaki wa baiskeli alileta habari kwamba Mbweni kuna Mzungu anapima bahari. Kachomeka bikoni majini kabisa, mti wa mistari myeupe na myekundu, na kasema bahari inapanda, itafika makaburini. Nyie mlicheka, mkasema Waingereza wamemaliza kupima mashamba ya watu sasa wanagawana viwanja vya papa. Mie sikucheka. Katika makaburi yale kalala mke wangu, Mwanahawa binti Sefu, na ubavuni pake pana nafasi. Nafasi ile ni yangu. Tuliwekeana ahadi yeye akiwa mzima, anapepeta mchele, wala hanitazami: "Nikitangulia, usije ukazikwa na watu usiowajua huko mjini." Akatangulia.

Na neno hili kupima sie tunalijua. Wakikupima hospitali, unaambiwa unaumwa. Shamba likipimwa, unaambiwa si lako. Sasa bahari ikipimwa, mtu aambiwe nini? Tena muuza samaki yule alikuwa na salamu kutoka kwa shemeji yangu Bi Tausi, mdogo wake Mwanahawa: "Mwambie aje tushauriane kama tumhamishe dada." Kumfukua maiti, jamani.

TEMEKE MPAKA KINONDONI

Nilitoka baada ya sala ya alfajiri, kwa miguu, na mvua ya rasharasha. Sina la kusimulia mpaka Kariakoo, ila mama mmoja muuza vitumbua alinishika mkono akaniita baba yake mdogo kutoka Rufiji. Nikamwambia siye. Akasema, "Siye kweli? Basi kula kitumbua, umefanana naye." Nikala viwili kwa kufanana.

Kinondoni nilimpitia Mwalimu Elia. Wengine wenu hamumjui. Ni Mnyamwezi, Mkristo, kijana wa shule, alipangaga hapa kwetu kabla ya kuhamia kule. Wakati wa likizo hupeleka habari kwenye gazeti la Kiswahili, na hii ya bahari aliitaka sana. Nilimkuta mlangoni kavaa viatu vya ngozi na kofia, kabeba mkeka, sufuria na blanketi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unahama?"

"Nasafiri."

"Mbweni siyo Tabora, mwanangu. Nyie Wanyamwezi bila mzigo kichwani hamuoni njia."

"Na nyie Wazaramo," akasema, "bahari iko mlangoni kwenu tangu Adamu, leo inabisha hodi mnakimbilia kumwita Mnyamwezi."

Mie Mzaramo na yeye Mnyamwezi ni watani, kwa hiyo matusi hayo ni chumvi tu ya safari. Ila nilimwonya jambo moja. "Mwalimu, usije ukaandika kitu kikawatisha watu kabla hatujajua." Akasema habari huandikwa ikiwa moto. Nikamwambia hata uji huliwa ukiwa moto, na ndio maana watoto huungua midomo.

MIKOCHENI, LORI LILIPOGOMA

Tulipata lori la Kassamali, Mhindi mwenye duka pale Kinondoni, aliyekuwa akienda Kunduchi kuchukua chokaa. Yeye mwenyewe ndiye dereva. Lori lenyewe lina umri wangu na linakohoa kama mimi. Tukapita njia ya kwenda Msasani, tukaiacha kulia, na tulipoingia Mikocheni, pale kwenye mikoche mirefu, lilitoa moshi likanyamaza.

Kassamali hakugombana nalo. Alifungua boneti, akaangalia, akafunga, akasema, "Napumzika hii. Sisi pia napumzika." Akatandika gunia chini, akafungua kopo la chapati na achari ya maembe. Mwalimu alidhani achari ni tunda la kupikwa na sukari, akajaza kijiko. Sitaki kumwaibisha mtu, lakini alikimbia akarudi, akakimbia akarudi, na Kassamali akampa chapati tupu kwa huruma, machozi ya kicheko yakimtoka.

Akaniuliza safari yangu ni ya nini. Nikamweleza. Akawa anasuka kipande cha kamba vidoleni.

"Babu yangu iko kule Kachi, Bara Hindi," akasema. "Baba yangu iko hapa, makaburi yetu ya mjini. Watu naniuliza, Kassamali, kwenu wapi? Mimi najibu, kwetu pale niliposhika mchanga nikatia kaburini." Akanitazama. "Wewe usihamishe mke, mzee. Ukihamisha mke, wewe mwenyewe tatoka wapi?"

Nikaomba chapati nyingine.

MLALAKUWA, NA HUKO MBELE

Lori liliamka alasiri. Tukafika mto Mlalakuwa tukaukuta umefura na magogo ya kuvukia yako chini ya maji. Kassamali akasema hapa ndipo mwisho wake, atangoja maji yapungue, nasi tukirudi tumtafute. Watu walikuwa wanavuka kwa miguu, maji kiunoni.

Mwalimu Elia alivua viatu akasimama. Nikajua. Kijana wa watu hajui maji.

"Mzee," akasema taratibu, "habari hii si lazima iandikwe leo."

Kulikuwa na mwanamke kabeba kuni kichwani na mtoto mgongoni. Alisikia. Akafungua upande mmoja wa kanga yake, akamwelekezea. "Shika hapa, baba. Usitazame maji, nitazame mie kisogo." Mwalimu mzima mwenye kofia akavuka kashika pindo la kanga kama mwali anayetolewa ndani, midomo inatembea. Baadaye nikamuuliza alikuwa anasoma sala gani. Akasema hakuwa anasali, alikuwa anahesabu watoto wa darasa lake kwa majina ili asiogope.

Tulilala Kawe kwa watu tusiowajua, wakatupa bada, ugali wa muhogo, na kisamvu. Kesho yake tukatembea, Kunduchi tukala muhogo wa kuchoma na samaki tasi, miguu ya mwalimu ikamlilia viatu, viatu vikamlilia miguu. Mie nilikuwa na furaha yangu ya ajabu. Kila nikikaribia Mbweni nilikuwa kama kijana anayekwenda ukweni na hana hakika kama mchumba yupo.

MBWENI, KWA BI TAUSI

Bi Tausi ni mwanamke mfupi, sauti kubwa. Ndiye mkubwa wa wanawake wanaokwenda kuchokoa pweza maji yakitoka. Alinipokea kwa kulia kidogo na kunisema sana kwamba nimekonda, halafu akamtazama mwalimu.

"Na huyu?"

"Mtani wangu. Anaandika gazeti."

Akakunja uso. Akaanza kuosha sufuria iliyokwisha kuoshwa.

Tukaenda makaburini kabla jua halijakaa vizuri machweo. Niliwasalimu waliolala, nikaenda kwa wangu. Jiwe lake la kichwani lipo, jiwe la matumbawe nililolichonga mwenyewe kwa shoka la kuazima, na kisahani cha buluu alichokipenda tulichokitia hapo kwa chokaa. Kaburi lile lilichimbwa kwa mtaimbo tangu asubuhi hadi alasiri, maana ardhi ile chini ni mwamba mtupu. Wachimbaji walinuna. Nikakumbuka Mwanahawa hata akiwa hai, akishakaa mahali, kumwondoa ilikuwa kazi.

Bahari ilikuwa chini pale, inaonekana, maji yamejaa. Ni kweli yalikuwa karibu. Lakini bahari siku zote huwa karibu ukiwa umeambiwa inakuja.

Nimesimama hivyo, mara mwalimu akavua kofia, akajinyoosha chali kwenye ile nafasi yangu. Akafumba macho.

"Wee," nikasema, "nini hiyo?"

"Hapa nimepapata. Mtani huzika mtani, na asiyelipwa haondoki. Nataka pweza mkubwa, tena wa nazi. La sivyo, mzee, ukifa utalala njiani."

Mnajua utani wa makaburini ulivyo, unakutekenya mahali panapouma. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Bi Tausi naye alicheka, kaziba mdomo kwa kanga, na kicheko chake katikati ya njia kikageuka, akawa analia kweli.

"Shemeji," akasema, "mie ndiye niliyeihamisha ile bikoni."

Mwalimu akaketi.

"Mzungu aliichomeka pale mbele, karibu na nchi. Sie tunajua bikoni. Kule Kunduchi walichomeka bikoni, mwaka haukuisha wenye mashamba wakaambiwa mpaka ni hapa, tokeni. Nikasema, hii wameiweka kati ya bahari na makaburi, keshokutwa makaburi yatakuwa yao. Siku maji yalipotoka kabisa tukaing'oa, sie wanawake, tukaisogeza huko ndani kwenye maji mengi. Tukaijengea mawe vilevile kama alivyojenga yeye, hata vizuri zaidi. Nikasema, mpaka wao na uwe huko kwa samaki." Akajifuta. "Halafu akaja, akatazama, akarudi mbio, anasema bahari imepanda. Sasa nifungwe mie, au dada afukuliwe kwa mkono wangu?"

Mnaona wenyewe. Mti ule haukuwa mpaka wa kiwanja. Ulikuwa wa kutazamia maji yanafika mstari gani. Ukiusogeza penye kina, maji yanafika juu zaidi, na asiyejua atasema bahari ndiyo iliyopanda.

Mwalimu alikuwa kakwisha kuandika kichwa cha habari tangu Kunduchi, BAHARI YAPANDA MBWENI, kwa herufi kubwa. Aliichana karatasi pale pale. Asubuhi yake Bi Tausi akaiwashia moto wa chai.

UFUKWENI, KWA BWANA KAMBA

Mzungu mwenyewe watu wanamwita Bwana Kamba, kwa sababu hutembea na kamba yenye kipande cha madini ya risasi mwishoni, anaitumbukiza majini kujua kina. Tulimkuta mbele ya hema lake anakula papai, kijana mwekundu wa jua, macho ya mtu asiyelala. Kiswahili chake ni cha kuokota.

"Bahari nakuja," akatuambia, kabla ya salamu.

Mwalimu akanong'ona, "Anakuja yeye ama bahari?"

Nikamwambia Bi Tausi ana neno. Nilidhani nitalisema mie kwa niaba yake, lakini akasogea mbele, akafunga kanga vizuri, akasema lote, sauti yake kubwa ile ile, na mwalimu anageuza kwa Kiingereza. Alipomaliza akatoa mikono mbele kama mtu anayengoja pingu.

Bwana Kamba aliweka papai chini. Akatazama ule mti baharini, akatazama mikono ya Bi Tausi. Halafu akakaa mchangani, akashika kichwa. Nikasema basi, yamekwisha, huyu anakwenda kutushitaki kwa Bwana Shauri, mkubwa wa wilaya. Kumbe mtu anashukuru. Mwalimu akatugeuzia maneno yake: alikuwa akijiandaa kupeleka taarifa kwa wakubwa zake, kwamba bahari ya hapa imepanda mkono mzima kwa mwaka, jambo ambalo moyo wake ulikuwa unalikataa. Siku kadhaa hakulala. Alikuwa na kigingi chake cha nchi kavu cha kujisahihishia, nacho kimepotea.

"Kigingi cha chuma?" Bi Tausi akauliza. "Chenye tundu?"

"Ndiyo."

"Kimefunga mbuzi."

Hapo wote tukacheka, hata yeye. Bi Tausi akashusha mikono.

Alitukaribisha papai, akatuonyesha vitu vyake. Akanipa jiwe lililotoka kisimani, mbali na pwani, nikaona ndani yake kuna kombe la baharini, limekaa kama kokwa. Akasema mwamba wote huu wa Mbweni ulijengwa na wanyama wadogo chini ya maji, zamani kuliko zamani zetu, bahari ilipokuwa juu ya hapa tulipokaa. Halafu ikaondoka. "Kwenda, kurudi, kwenda," akasema, anatikisa kiganja. Nililishika jiwe lile muda mrefu. Nikawaza wale wachimbaji walionuna na mtaimbo. Kumbe tulimlaza Mwanahawa kwenye kitanda kilichofumwa na viumbe wa Mungu kabla hajaumbwa mtu wa kukitandika.

Akasema sasa anataka alama mpya ya nchi kavu, kitu ambacho hakuna mtu wa Mbweni atakayekigusa, si wanawake, si wachunga mbuzi. Ndipo aweze kujua mti ukisogea. Atafute wapi?

Tukatazamana. Bi Tausi akasema, "Hapa kitu kisichoguswa ni kaburi tu." Akaonyesha juu makaburini. "La dada ndilo liko juu ya mwamba." Akanigeukia. "Lakini mwenye mke huyu hapa."

Basi mkanitazama, nasema mkanitazama kana kwamba mlikuwepo. Nilijiuliza Mwanahawa angesemaje. Alikuwa mtu wa kupima, jamani. Mchele alipima, chumvi alipima, maneno yangu niliporudi nyumbani aliyapima. Na kusogezwa hakupenda.

Nikasema, "Hakuna kupiga msumari. Hakuna kukanyaga na viatu. Na kwanza utasalimu."

Bwana Kamba akavua mabuti hapo hapo ufukweni, akapanda na soksi, nikamwambia avue na soksi. Makaburini nikamfundisha salamu ya waliolala, akairudia vibaya, akairudia tena, mpaka Bi Tausi akasema imetosha, marehemu wameelewa. Alisimamisha darubini yake ya miguu mitatu nje kabisa. Akataka mtu ashike upao, ubao mwembamba mrefu wenye namba, juu ya jiwe la kichwani, wima, bila kutikisika. Nikaushika mie.

Chini, mwalimu Elia, yule yule wa Mlalakuwa, kasimama majini na upao wa pili kwenye ule mti, ambao wanawake walikuwa wameurudisha mahali pake maji yalipotoka, na Bi Tausi kampa pindo la kanga.

"Simama hivyo, mzee," Bwana Kamba akasema.

Nikasimama hivyo. Mkono wangu mmoja kwenye upao, mwingine kwenye kisahani cha buluu. Upepo ulikuwapo kidogo. Sijui alitazama kwa muda gani. Mie ningesimama hata jioni.

Alipomaliza nikamuuliza lile lililonitoa Temeke. "Je, inakuja?"

Alitafuta neno kwa Kiswahili chake, asitake mwalimu amsaidie. "Hapana jua bado," akasema. "Pengine polepole sana. Pengine hapana. Kujua, lazima pima miaka mingi. Mimi tazeeka, mwingine tapima."

"Na mke wangu nimhamishe?"

Akatikisa kichwa. "Ukihamisha yeye," akasema, "mimi tapotea."

KURUDI

Bi Tausi alimpikia mwalimu pweza wa nazi, akamwambia sasa umelipwa, utoke kwenye nafasi ya shemeji yangu. Siku ya kuondoka alinisindikiza mpaka penye njia panda. "Nafasi yako ipo," akaniambia. "Usiiharakishe." Tulimkuta Kassamali Mlalakuwa, maji yamepungua, magunia yamejaa chokaa. Alinitazama usoni, akanipisha kiti cha mbele.

Njiani mwalimu alitoa kalamu akaniuliza aandike nini sasa. Nikamwambia aandike wanaendelea kupima.

"Hiyo siyo habari, mzee. Hakuna atakayeisoma."

"Mie nimetembea toka Temeke kuifuata."

Akafikiri mpaka Mikocheni, kisha nikaona anaandika.

Kwa hiyo jibu lenu ni hilo, na asiniulize mtu tena nikiwa na kahawa mkononi. Hawajui bado. Lakini muuza samaki yeyote akija hapa akasema bahari imepanda, mwulizeni: imepanda kutoka wapi? Maana bahari ile yote, na ukubwa wake, siku hizi inapimwa kutoka kwa Mwanahawa.